Chupa ya Chai ya Aziz

Dar es Salaam
8 Machi 1998

Naila,

Barua yako ilifika jana, nami niliisoma nikiwa bado nimesimama pale posta. Umeandika kwamba ilianza kwa jino kulegea, fundi akaling'oa, na wiki ya pili shavu lote likawa limejaa. Umeandika pia kwamba Aziz alikaa miaka miwili kule Mbangala, bondeni kwenye malaria, baba yake alipokuwa akinunua ufuta. Hayo mawili yanatosha kunitisha. Usimpeleke tena kwa fundi wa meno. Mpeleke Mbeya, hospitali ya rufaa, wiki hiihii, umwambie daktari neno kwa neno kama ulivyoniandikia mimi.

Unaijua kazi yangu. Maabara yetu inachunguza saratani ya taya za watoto, na hilo ndilo litakalonipa shahada. Daktari atakata kipande kidogo ili akipime. Naomba apunguze kidogo, kama punje mbili za mahindi, anipe mimi. Kwenye kifurushi nimeweka kichupa chenye maji ya rangi ya waridi. Kipande kitumbukizwe humo, kichupa kiwekwe kwenye chupa ya chai yenye barafu, kisha umpe kondakta wa basi la asubuhi. Nimeambatanisha na fomu ya kusaini. Ni ya kawaida.

Nikikiona kwa macho yangu nitaweza kukuambia mambo ambayo wao hawatakuambia.

Wako,
Tupokigwe


Tunduma
29 Machi 1998

Tupo,

Salamu zako nimezipata, ingawa hukuziandika. Tangu tukiwa bwenini ulikuwa ukianza barua katikati. Sisi tu wazima, ila mmoja.

Mbeya tumefika. Daktari ni kijana, ana ndevu tatu, lakini mikono yake haitetemeki. Alisema jina la ugonjwa nikamwambia nalijua, akaniuliza nimesomea wapi. Nikamjibu kwamba nilikaa dawati moja na msomi, na mtihani wa baiolojia nilimpita alama kumi na moja. Baba Aziz akanikanyaga mguu.

Fomu nimesaini. Ina kurasa nne za Kiingereza, nami nilisoma moja. Umesema ni ya kawaida.

Aziz aliona daktari anakitia kile kinyama kwenye maji ya waridi akauliza kama ni sharubati. Nikamwambia kinakwenda kwa mama yako mdogo Dar es Salaam akakiangalie kwa mashine. Akafikiri. Akasema, "Akimaliza akirudishe, maana ni changu." Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Basi nakuandikia kama nilivyotumwa: ukimaliza, ukirudishe.

Chupa ya chai pia irudi. Ni ile ya dukani kwangu. Wateja wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanapokuja kuchagua marobota ya nguo wananiita bamayo, yaani mama kwa lugha yao, na bamayo asiye na chai hauzi.

Dawa inaanza Jumanne. Mizunguko sita.

Naila


Dar es Salaam
3 Mei 1998

Naila,

Kipande kilifika kizima. Mwambie Aziz nitakirudisha. Chupa ya chai anakuja nayo Osea, fundi wa maabara yetu, kijana wa kijiji cha Hasamba huko kwenu, akienda likizo kwao.

Umeniuliza natafuta nini humo, na kwa kuwa ulinipita alama kumi na moja nitakueleza vizuri.

Ndani ya kila seli kuna protini ambayo hapa tunaiita kwa namba, Hamsini na Tatu. Kazi yake ni kutoa amri ya kufa. Usishtuke. Seli iliyoharibika inatakiwa ijiondoe yenyewe kabla haijazaa nyingine mbovu, na anayeiamuru ni huyo. Ndiyo maana seli inamwogopa. Inamtengeneza mchana kutwa na kumsaga mchana kutwa. Ipo protini nyingine inayomzungukia na kumtia alama, kama watu wa ushuru wanavyotia chaki maturubai ya malori hapo mpakani kwenu. Mwenye alama anapelekwa kwenye mashine ya kusaga. Maisha yake ni dakika ishirini. Lakini seli ikijeruhiwa, na dawa anayopewa Aziz kazi yake ni kujeruhi, utiaji alama unasimama. Hamsini na Tatu hasagwi tena. Anajaa, na akishajaa anasema, na akisema seli inakufa. Kwa hiyo swali si kama yupo au hayupo. Swali ni anakaa muda gani. Huo muda ndio tasnifu yangu.

Na kufa kwenyewe ni kwa adabu sana. Seli inasinyaa. Kisha ngozi yake inatoa malengelenge, kama maziwa yanapoanza kuchemka. Kisha inakatika vipande vidogo, majirani wanavila. Hakuna usaha, hakuna uvimbe. Ukiitazama kwa hadubini unaweza kudhani inajikunja ili ilale.

Za Aziz zina nguvu ya ajabu. Alhamisi nilizihesabu, zilikuwa milioni mbili.

Aendelee na dawa. Asikose hata mzunguko mmoja.

Tupokigwe


Tunduma
14 Juni 1998

Tupo,

Barua yako nimeisoma kwa sauti, Baba Aziz akaniuliza kama ni Biblia. Ya chaki ameielewa kuliko mimi. Anasema kumbe hata mwilini kuna ushuru.

Sasa nisikilize. Mzunguko wa tatu umeisha. Nywele zimekwisha, hilo nililijua. Anatapika mpaka anatapika maji ya kijani, kisha anatapika pumzi. Mdomoni vidonda vimeshuka mpaka kooni, uji anaulilia kwa njaa na akipewa anaulilia kwa maumivu. Shavu lilipungua baada ya mzunguko wa kwanza, nikapika pilau. Sasa limerudi, na jicho limeanza kutoka nje.

Mama mkwe wangu, Bi Mariam, anasema tumtoe hospitali, tumlaze nyumbani, tumsomee, tumpe asali na maji, apumzike. Baba Aziz yuko kati. Wanasubiri neno langu, nami nasubiri neno lako. Wewe unaye huko kwenye sahani. Najua umemwagia dawa ileile, maana mimi ningekuwa wewe ningemwagia siku ya kwanza.

Kwa hiyo jibu kitu kimoja. Kwa Aziz, Hamsini na Tatu anakaa dakika ngapi?

Ukiniambia inafanya kazi nitamshika mikono wamchome tena. Ukiniambia haifanyi, nitambeba mgongoni leo.

Naila


Dar es Salaam
2 Julai 1998

Naila,

Sahani si mtoto. Hilo ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa. Seli zikiwa peke yake hazina damu, hazina ini, hazina mama. Siwezi kuchukua dakika nilizozipima mezani nikazigeuza kuwa hukumu ya mtu, na Profesa asingeniruhusu.

Ninachoweza kukuambia kama rafiki ni kwamba watu wengi huacha katikati, halafu hujuta maisha yao yote. Mizunguko imebaki mitatu tu. Mvumilie.

Jambo moja zaidi. Daktari akimaliza mzunguko wa tano naomba akate tena kipande kidogo mahali palepale. Nimemwandikia. Kulinganisha kabla ya dawa na baada ya dawa kutatusaidia kuelewa. Kichupa cha maji ya waridi nimemtumia yeye moja kwa moja.

Msalimie Aziz. Mwambie mama mdogo anamwona kila siku.

Tupokigwe


Tunduma
20 Agosti 1998

Tupokigwe,

Aziz alifariki tarehe tisa, Jumapili, baada ya adhuhuri, siku nne baada ya mzunguko wa tano na siku mbili baada ya kukatwa kipande chako cha pili. Nilimshika mikono mara zote tano. Mara ya mwisho hakuhitaji kushikwa.

Nakueleza jinsi alivyooshwa, kwa sababu hukuwepo. Alioshwa na babu yake na Baba Aziz, mimi na Bi Mariam tukiwa nyuma ya pazia. Maji yalipofika usoni yakawa yanaingia kwenye lile tundu la taya yasitoke. Babu akasita. Bi Mariam akauliza kutoka huku, "Kilichokatwa kiko wapi?" Akauliza tena, mimi nikasema kiko Dar es Salaam, kwa Tupo, atakirudisha, aliahidi.

Kwetu kilichotoka kwa mtu hakitupwi. Hata kidole kikikatwa na msumeno kinafunikwa kitambaa kinazikwa. Tumemzika hapa Tunduma. Ubavuni mwa kaburi lake, upande wa taya lile, Bi Mariam amechimba kishimo cha kiganja kimoja na kukifunika kwa jiwe. Anasubiri. Kila Ijumaa anakwenda analiinua lile jiwe anatazama kama udongo haujaanguka ndani.

Sikulaumu kwa lolote. Nakuomba hivyo vipande viwili, hata kama vimekauka, hata kama ni kidogo kama punje ya mchele. Osea akija likizo umpe.

Naila


Dar es Salaam
6 Septemba 1998

Mpenzi Naila,

Nimekaa na barua yako siku nzima bila kufungua daftari. Aziz alikuwa mtoto wetu sote. Mungu ampokee, akupe nguvu wewe na Baba Aziz na Bi Mariam.

Kuhusu vipande, naumia kukuambia kwamba havikubaki. Kipande kikifika tunakisaga ili tupate protini, na mabaki yote huchomwa kwenye tanuru kila Ijumaa, ndiyo kanuni. Ningejua ningekuwekea. Naomba umwambie Bi Mariam taratibu kwamba moto wetu ni safi, na majivu yanakwenda ardhini kama kila kitu.

Osea anakuletea vitenge viwili na barua hii. Pokea kama ubani.

Tupokigwe


Tunduma
11 Oktoba 1998

Tupokigwe,

Osea alifika Jumatano; safari ile ya Mei aliiacha chupa dukani, hakunikuta. Kijana mzuri, ana heshima, alivua viatu mlangoni. Nikamwandalia chai. Chupa aliitambua. Akasema, "Dada Naila, hii ndiyo niliyopokea mimi mwenyewe stendi, nikaikimbiza maabara kwa teksi." Nikamshukuru. Akanywa, akaona simwagi machozi, akadhani nimepoa, akataka kunifariji zaidi.

Akasema, "Msihuzunike sana. Anaendelea vizuri."

Nikamuuliza, "Nani?"

Akasema, "Aziz. Sisi tunamwita Tunduma Sita. Ndiye bora kuliko wote, hafi kwa dawa yoyote. Profesa amempeleka mpaka Ulaya, chupa mbili."

Bi Mariam alikuwa amekaa mkekani, anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anasema nini huyu?" Nikamwambia anasema wenzake maabara wanatupa pole.

Baada ya Osea kuondoka nikatoa barua zako zote nikazisoma kama mtihani. Ile ya Mei umeandika "Alhamisi nilizihesabu." Nyama iliyosagwa haihesabiwi, Tupo. Hilo nililiona tangu Mei, nikaacha lipite kwa kuwa nilikuwa na mtoto anatapika.

Nijibu neno moja. Yu hai?

Naila


Dar es Salaam
1 Novemba 1998

Naila,

Ndiyo.

Seli zake hazikusagwa zote. Nyingine nilizikuza kwenye chupa, kwenye kabati la joto la mwili, na kila siku ya pili nazibadilishia maji ya waridi. Zinagawanyika kila baada ya saa ishirini na sita. Zile nilizokuwa nazo Mei na zile za leo ni watoto wa watoto wa watoto, lakini ni yeye, kwa kila herufi. Yule aliye kaburini ana umri wa miaka sita. Huku hana umri.

Uliniuliza dakika ngapi. Wiki ya pili ya Aprili nilizizuia seli zisitengeneze protini mpya, kisha nikachota kila baada ya dakika ishirini, nipime ni kiasi gani cha zamani kimebaki. Kwa mtu mwenye afya filamu ya kipimo inaonyesha mstari mweusi, kisha wa kijivu, kisha hakuna. Kwa Aziz mstari ulibaki mweusi dakika ya ishirini, ya arobaini, saa ya kwanza, saa ya nane. Nilidhani nimekosea, nikarudia mara tatu. Hamsini na Tatu wake amezaliwa na kosa moja dogo, mahali pamoja tu, na kwa sababu ya hilo kosa hasagwi. Amejaa seli nzima. Na kwa sababu ya hilohilo kosa hawezi kusema. Nilimwaga dawa. Saa nne, kumi na mbili, siku mbili. Hakuna lengelenge hata moja.

Kwa hiyo nilijua. Nilijua kabla ya mzunguko wa pili. Uliponiandikia Juni kwamba ungembeba mgongoni, nilikuwa na jibu kwenye daftari kwa wino.

Nimejaribu kujiambia kwamba ni ile kanuni, sahani si mtoto. Kanuni ni ya kweli, lakini si iliyonizuia. Nilihitaji kipande cha pili, kilichopitia dawa mwilini. Bila mzunguko wa tano kusingekuwa na kipande cha pili. Nimeandika sentensi hizo mbili na sasa nazitazama.

Sema unachotaka nami nitafanya. Ukitaka nimmalize, nitammaliza. Ukitaka uje, njoo. Nitasubiri neno lako, sitamgusa mpaka uniambie.

Tupokigwe


Dar es Salaam
12 Januari 1999
(Barua hii haikutumwa.)

Naila,

Wiki kumi, na huandiki. Nimekutumia salamu kwa Osea, amerudi anasema ulimpimia mchele akaondoka.

Jumamosi asubuhi nimefanya. Chupa sita za kwenye kabati, nimezimimina moja moja kwenye beseni la jiki. Vile vichupa kumi na viwili vilivyogandishwa nimevitoa kwenye tangi la baridi nikaviacha mezani mpaka vikayeyuka, kisha navyo jiki. Nimewaandikia Ulaya, wanasema zao zilikufa kwa uchafu mwezi Novemba. Beseni nimelimwaga sinki nikafungulia bomba. Amekwisha. Hakuna Aziz mahali popote ila hapo Tunduma.

Nilitaka kukuandikia kwamba nimeitupa shahada yangu kwa ajili yako. Nilikuwa nimeshaanza sentensi hiyo. Lakini jaribio la mwisho lilikamilika Ijumaa saa tisa, filamu zote ninazo, Profesa amesema zinatosha. Jumamosi nilimmaliza. Wewe utauona ule usiku mmoja katikati kabla sijauficha, kwa hiyo naiacha sentensi.

Nilipofungulia bomba nilijisikia mwepesi kama mtu aliyemaliza kufua.


Tunduma
5 Januari 1999
(Barua hii ilifika tarehe 14.)

Tupokigwe,

Leo ni funga ya kumi na saba. Nimekaa kimya kwa sababu kila nilichotaka kukuandikia kilikuwa dhambi, nikaona nisubiri Ramadhani inifunge mdomo kwanza.

Kwanza nilitaka umuue, ili awe sehemu moja. Baadaye nikawa naamka nawaza kwamba sasa hivi, saa hii, huko kuna kipande chake kina joto. Nikaanza kuhesabu. Kila siku ya pili nasema leo anabadilishiwa maji. Juzi nilikuwa napima robota la makoti, mteja ananisemesha, nami namwambia ngoja, mwanangu anakula. Mama wa watu akaniuliza, "Bamayo, una mtoto mchanga?"

Nimeamua. Baada ya Idi nakuja kwa treni. Nitamwona. Nataka nimwone akitembea chini ya hiyo hadubini, na nataka umwagie dawa mbele yangu, nione akiikataa. Nilimshinda nguvu kila nilipomshika, nataka nimwone naye akishinda. Kisha utamtia kwenye chupa ya chai nami nitarudi naye. Bi Mariam ataliinua jiwe.

Nimemwambia. Hakulia, aliuliza tu kama atahitaji sanda. Nikamwambia kipande cha kiganja kinatosha. Ameshakikata.

Usimguse. Nakuja.

Naila


Dar es Salaam
16 Januari 1999

Naila,

Njoo. Yupo.

Tupokigwe


Tunduma
14 Februari 1999

Tupokigwe,

Nimefika salama. Treni ilichelewa, nikapata muda wa kufikiri.

Nakushukuru kwa kunipokea stesheni, na kwa koti jeupe ulilonivalisha na kunifunga vifungo mwenyewe. Nakushukuru kwa kiti ulichoniwekea mbele ya hadubini. Niliinama nikaona duara la mwanga na vile vidude vya mviringo vinavyong'aa, vingine vimeshikana viwili viwili. Ulisema, "Huyo." Ukaniwekea mkono begani. Nilimsalimia. Ulinisikia.

Nikakuambia mwagia. Ulisita kidogo, ukasema hakuna haja, nitachoka, treni ya kurudi ni jioni. Nikasema mwagia. Ukamwagia. Ukasema tukale. Nikasema sili. Ukasema tupumzike nje. Nikasema nimekaa kwenye kiti hiki kutoka Tunduma.

Saa ya kwanza hakuna kitu. Ya pili hakuna. Ulianza kuosha vyombo visafi. Ya nne, baada ya mimi kuswali hapo kando ya friza na kurudi, kulikuwa na kimoja kimesinyaa. Kisha kingine. Kisha ngozi zao zikaanza kuumuka na kupasuka, umuka pasuka, duara zima. Wewe uliniandikia mwenyewe kama itakavyokuwa. Maziwa yanapoanza kuchemka.

Sikuinua kichwa. Nilikusikia unapumua nyuma yangu. Ukasema, "Umeona anavyokataa?"

Nikasema, "Naona."

Seli za mwanangu hazifi kwa dawa hiyo, Tupo. Saa nne, kumi na mbili, siku mbili, wino wako. Uliyenionyesha alikuwa mtoto ambaye Hamsini na Tatu wake anasagwa vizuri na akiachwa anasema vizuri. Nilikuja kumwona mwanangu, ukanionyesha mtoto wa mwenzangu anakufa, ukanishika bega.

Sihitaji uniambie Aziz yuko wapi. Mikono yako ilikuwa inanuka jiki.

Nimewaza kwa nini hukusema, hata pale, hata tulipokuwa peke yetu. Jibu lako liko kwenye barua yako mwenyewe. Kwako pia Hamsini na Tatu amejaa, hasagwi, na hasemi.

Chupa ulinijazia ukaifunga vizuri, ukanipa kwa mikono miwili. Nilipoingia bafuni mwa maabara yenu niliimimina ndani ya kichupa chenu chenye kifuniko chekundu nikakiweka kwenye rafu yako, nyuma ya madaftari, na ile chupa ya chai nimeiacha mezani kwako makusudi. Mimi nimerudi mikono mitupu. Bi Mariam amelifukia lile shimo na kile kitambaa ndani yake. Nimemwambia nimemwona Aziz, na kwamba anaendelea vizuri. Ndivyo ulivyonifundisha.

Sina lingine nawe ila hili. Yule mtoto ana mama. Niandikie jina lake na kwao. Nitakwenda mwenyewe nimpe pole, nimwambie mwanawe yuko wapi, na chupa ya kumbebea iko wapi.

Naila


Dar es Salaam
28 Februari 1999

Naila,

Mtoto aliitwa Lusungu. Alikuwa na miaka minne, alifariki mwaka juzi. Zake zilikuwa zinasikia dawa. Dawa ilichelewa kufika.

Mama yake anaitwa Ketrina. Ni wa Hasamba, nyumba ya tatu kutoka kwa kina Osea. Hunitumia maharage kila mavuno, na kila mara huniandikia kunishukuru, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia kwamba kilichobaki kilichomwa, na kwamba moto wetu ni safi.

Tupokigwe